Marinda ya fondanti yaliyopandana: unene gani, CMC kiasi gani, na yanatelezaje?

Zaituni_K

Habari zenu wadau. Keki ni ya duara, kipenyo sentimita 20, kimo sentimita 12, imepakwa ganashi (chokoleti iliyochanganywa na krimu). Kazi yenyewe ni kuivika fondanti nyeupe (kinyunga laini cha sukari cha kufunikia keki), kisha kuzungushia ukuta wote marinda ya fondanti yaliyopandana: chini waridi iliyokolea, yakipanda yanafifia hadi karibu na nyeupe. Naomba mnisaidie haya:

1. Marinda yawe na unene gani, na fondanti yote itafika gramu ngapi?
2. CMC (ule unga unaoifanya fondanti ikaze na kukauka haraka) nichanganye kijiko kizima cha chai kwa kila gramu 250, kama kwa maua?
3. Nianzie chini au juu?
4. Kwa nini marinda huteleza au kupasuka ukingoni baada ya saa chache?

Mwanajikoni

Dada Zaituni, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu rinda likiteleza, mara nyingi kosa liko chini yake. Fondanti iliyovikwa muda huohuo bado ni laini, na gundi inailainisha zaidi. Rinda linashikamana nayo vizuri tu, ila uso wenyewe ndio unaoshuka nalo. Vika keki leo, uiache usiku kucha mahali pakavu penye hewa, marinda uyaweke kesho. Ukiigusa kwa kidole kikavu isinate wala isiache alama.

Shuka la kuvikia lisukume hadi unene wa milimita 3 na nusu hivi. Kipenyo chake: 20 za juu ya keki, kimo mara mbili ni 24, na 4 za kushikia, jumla sentimita 48. Tayarisha gramu 900. Ukishakata kingo, inayobaki kwenye keki ni kama gramu 500.

Marinda ni hesabu nyingine. Mzunguko wa keki yako ni karibu sentimita 63, kwa hiyo kila safu inataka vipande vitatu vya sentimita 22, vyenye upana wa sentimita 3. Unene usizidi milimita 1.2. Safu saba za unene huo zina uzito wa gramu 200 na ushee. Ukizikata kwa milimita 3 umetundika zaidi ya nusu kilo ukutani, na hakuna gundi ya kula itakayovumilia hilo. Hata hivyo tayarisha gramu 500, kwa kuwa vipande vya kukata na kutupa ni vingi.

CMC ya kijiko kizima kwa gramu 250 ni ya petali za kusimama. Kwa marinda nusu kijiko inatosha, yaani kijiko kimoja cha chai kwa gramu zako 500. Ikizidi, fondanti inakauka ukiwa bado unalainisha ukingo, nao unachanika meno meno. Ikandie ndani pamoja na rangi, ifunge kwenye nailoni, ipumzike saa moja.

Rangi usizitengeneze moja moja kwa kukisia matone. Kanda gramu 260 za waridi iliyokolea kabisa, halafu upunguze kwa nyeupe ukitumia mizani:

- ya kwanza: 125 iliyokolea, bila nyeupe
- ya pili: 80 iliyokolea, 45 nyeupe
- ya tatu: 40 iliyokolea, 85 nyeupe
- ya nne: 15 iliyokolea, 110 nyeupe

Hapo zote zinatoka kwenye ukoo mmoja. Tumia rangi ya jeli. Ya majimaji inaifanya fondanti inate. Na ukande mapema, maana waridi huendelea kukolea kwa saa kadhaa baada ya kukandwa.

Sasa uwekaji. Unaanzia chini. Piga alama nyepesi kuzunguka keki kwa urefu wa sentimita 3 kutoka kwenye kibao, kisha 4.5, 6, 7.5, 9, 10.5 na 12. Hizo ndizo safu saba: mbili za rangi ya kwanza, mbili za pili, mbili za tatu, na moja ya nne. Gundi inapakwa kwenye mstari tu, upana wa nusu sentimita. Ukingo wa juu wa rinda ndio unaoshika. Wa chini unabaki huru, na safu inayofuata inaficha maungio. Ukianzia juu, kila mstari wa gundi utaonekana.

Kabla ya kubandika kila kipande, ukingo wake wa chini ulaze juu ya sponji laini, upitishe kijiti chenye kichwa cha mviringo, nusu ya kichwa ikiwa kwenye fondanti na nusu kwenye sponji. Kandamiza kidogo tu na uende mbele na nyuma. Ukingo unakuwa mwembamba, unarefuka na kujikunja wenyewe. Ukiukandamiza mno kwa mara moja, unakatika. Sukuma fondanti ya safu moja kwa wakati mmoja, nyingine ibaki imefunikwa, kwa sababu mkanda wa milimita 1 unaanza kukauka ndani ya dakika chache tu, na ukingo uliokauka ndio unaopasuka.

Mengine madogo: maungio ya safu moja yasikae juu ya maungio ya safu ya chini yake, na kila baada ya safu mbili subiri dakika 15 ndipo uendelee. Ukitaka marinda yaliyojaa zaidi, weka vipande vitano kwa safu na uvisogeze kwa mawimbi, lakini ongeza fondanti hadi gramu 750 hivi.

FundiSukari

Hesabu za Mwanajikoni ziko sawa. Naongeza kuhusu gundi na hewa ya mahali unapofanyia kazi.

Gundi: robo kijiko cha chai cha CMC ndani ya mililita 30 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Itaonekana ina madonge. Usiongeze maji, ifunike na uiache hadi kesho yake, itakuwa laini na angavu. Maji matupu yanashikisha kipande kidogo kilicholala, lakini kwa rinda linaloning'inia hayafai. Yanayeyusha sukari, yanachukua muda kukauka, na rangi iliyokolea inachuruzika kwenye nyeupe. Mchirizi wa waridi juu ya fondanti nyeupe haufutiki vizuri.

Kama hewa ina unyevu mwingi, "usiku kucha" huenda usitoshe. Washa feni ielekee keki kwa mbali, na usukumie juu ya mafuta meupe ya mgando badala ya kumwaga sukari ya unga, kwa kuwa sukari inavuta unyevu. Wanga wa mahindi unafaa kwa rangi hafifu tu. Kwenye waridi iliyokolea unaacha mabaka meupe.

Ganashi pia iangaliwe. Ya chokoleti nyeusi iwe gramu 600 za chokoleti kwa 300 za krimu. Ya chokoleti nyeupe iwe tatu kwa moja, kwa sababu nyeupe haishiki kama nyeusi. Iwe imeganda na kuwa ngumu kabla ya kuvika. Ili fondanti ishike, pitisha brashi yenye mafuta meupe kidogo sana. Maji yakituama kwenye kona ya chini, fondanti itateleza yote kwa pamoja.

Zaituni_K

Asanteni sana, wakuu. Yamebaki mawili. Fondanti ya kuvikia wakati mwingine huota malengelenge ya hewa siku ya pili, na kona za juu hutoa nyufa ndogondogo. Nifanyeje? Na friji inaruhusiwa?

Mama_Spatula

Malengelenge kwa kawaida yanatokana na keki iliyovikwa ikiwa bado baridi, au iliyojengwa na kuvikwa papo hapo. Hewa iliyonaswa ndani inapopata joto inatanuka na kutafuta pa kutokea. Keki nayo inapojikalia, ujazo (krimu au kitu kingine kilichowekwa kati ya tabaka) unasukumwa nje. Jenga keki, weka juu yake kitu bapa chenye uzito mdogo, uiache saa kadhaa itulie, ndipo upake ganashi. Lengelenge likishatokea, lichome kwa sindano safi iliyolazwa pembeni, isiyosimama wima, kisha usawazishe kwa kiganja kuelekea kwenye tundu. Kwenye ukuta wako, tundu litafunikwa na rinda.

Nyufa za kona zinaonyesha fondanti kavu. Kanda kijiko cha chai cha mafuta meupe kwa kila nusu kilo kabla ya kusukuma. Ikiwa bado inakatika, ongeza matone machache ya gliserini. Unapovika, shika kona za juu kwanza, halafu ushuke ukutani. Ukianza na ukuta, uzito wa shuka unavuta kona na kuzipasua. Nyufa zilizokwisha kutokea zisugue kwa mafuta kidogo kwa mwendo wa mviringo fondanti ikiwa bado changa. Kesho yake hazitazibika.

FundiSukari

Friji: kama ndani ni ganashi au krimu ya siagi, huihitaji. Marinda yakitoka kwenye baridi yanatoa jasho, yanalegea na kuning'inia chini. Kama ujazo ni wa kuharibika, mfano kastadi, hapo hakuna ujanja, friji ni lazima. Iweke ndani ya boksi la karatasi ngumu lililofungwa, na ukiitoa usilifungue hadi keki ifikie joto la chumba, kama saa mbili au tatu. Jasho litakaa kwenye boksi. Ikitokea bado imeloa, usiguse wala kufuta, feni itaikausha.

Krimu nyepesi ya kupiga isikae moja kwa moja chini ya fondanti. Maji yake yanaiyeyusha kutoka ndani.

Mwanajikoni

Moja la mwisho, dada: waridi hupauka kwenye mwanga mkali. Keki ikishamalizika iweke mbali na dirisha, la sivyo upande mmoja utafifia kuliko mwingine na ule mpangilio wa rangi utaharibika. Safu ya juu kabisa imalizie kwa kamba nyembamba ya fondanti ya rangi ya nne, unene milimita 5, izungushe pale ukingo wa rinda unapokutana na sehemu ya juu ya keki; bila hiyo, mstari wa mkato unaonekana wazi.