Fundi wa maabara wa Pemba na utafiti wa vinasaba vya maradhi ya kuambukiza: pa kuanzia ni wapi?

Fundi wa Micheweni
Assalamu alaykum. Nina stashahada ya sayansi ya maabara na huu ni mwaka wangu wa sita katika kituo cha afya kaskazini ya Pemba, ambako kutwa nzima kazi yangu ni mkojo, kinyesi na damu chini ya hadubini. Hivi karibuni walikuja watafiti katika skuli ya jirani, wakadondosha damu ya wanafunzi juu ya karatasi ya kuchujia, wakaikausha, wakaitia katika vifuko na kuondoka nayo. Nilipouliza, nikaambiwa inakwenda kusomwa vinasaba. Tangu siku hiyo jambo hili halinitoki akilini. Je, vinasaba vinaonesha nini ambacho hadubini haikioni? Na mtu mwenye miaka 31 na watoto wawili anaweza kuingia katika utafiti huu bila ya kuvihama visiwa moja kwa moja?

Mtafiti wa Vimelea, Unguja
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nitalijibu swali la kwanza kwa konokono. Kichocho cha mkojo kilijulikana tangu zamani kuwa ni maradhi ya kaskazini na katikati ya Unguja, wakati kusini hakikuonekana, ingawa konokono wa maji huko wapo. Ukiwaweka kiganjani konokono wa pande zote mbili, utaona gamba lile lile dogo lililojipinda kushoto, na hata mjuzi hupata taabu kuwatenganisha. Vinasaba ndivyo vilivyowatenganisha bila ya shaka: wa kaskazini ni Bulinus globosus, ambaye hukuza vimelea vya kichocho, na wa kusini ni Bulinus nasutus, ambaye kwetu hapa havistawi ndani yake. Asiyejua tofauti hiyo atamwaga dawa ya konokono katika bwawa lisilo na hatia.

Malaria nayo ni hivyo hivyo. Kiwango cha maambukizi Zanzibar kimeshuka chini ya asilimia 1, na waliobaki na vimelea wengi wao hawana hata homa. Hadubini ya kazi za kila siku hushindwa pale vimelea vinapopungua chini ya takriban 50 katika maikrolita moja ya damu, ilhali mashine ya PCR hukirudufu kipande cha kinasaba kila mzunguko, kikawa viwili, kisha vinne, hata baada ya mizunguko 30 zikapatikana nakala zaidi ya bilioni moja. Hata hivyo usiidharau hadubini yako, kwa sababu yai la kichocho lenye mwiba wake mwishoni umeliona kwa macho yako mara ngapi? Na unajua kwamba mkojo unaofaa kutafutiwa mayai hayo ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jambo ambalo baadhi ya wanaokuja na mashine zao hulisahau.

Mhadhiri Mstaafu
Kuhama moja kwa moja si lazima, lakini kusafiri ni lazima. Shahada ya maabara unaweza kuisoma Muhimbili, na biolojia ya molekuli na bioteknolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenu Pemba pia ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kiitalia. Nenda ukaombe kujifunza kwa mikono kabla ya kuomba chuo. Takwimu usiikimbie.

Aliyewahi Kuajiriwa na Mradi, Wete
Mimi nitasema lisilopendeza. Nilifanya kazi miaka mitatu katika mradi mmoja, nikivuka mabonde ya mpunga na masanduku ya barafu begani; fedha zilipokwisha, mkataba ukaisha wiki ile ile, sampuli zikapelekwa Ulaya, na katika makala iliyotoka jina langu halimo. Kabla ya kutia saini, uliza sampuli zitasomwa wapi, nani atafundishwa kuzisoma, na nani atatajwa kuwa mwandishi. Uliza pia umeme ukikatika usiku, nani anawasha jenereta ya friza.

Fundi wa Micheweni
Nimeshukuru sana. Kwa hiyo nisiache ajira, bali niombe ruhusa ya masomo?

Mtafiti wa Vimelea, Unguja
Ndiyo, na wala usiende mikono mitupu. Omba idhini kwa mkuu wako wa kituo, kisha pitia madaftari yako ya miaka sita, bila ya kutoa majina ya wagonjwa, uhesabu kwa kila shehia mikojo iliyokutwa na mayai kabla na baada ya kugawiwa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Shehia ambayo mayai yanarudi kila mwaka, wakati jirani zake yamekwisha, hapo pana swali la utafiti, na konokono wa mto wake ndio wa kuanza kusomwa vinasaba.

Fundi wa Micheweni
Shehia hiyo naijua hata kabla sijafungua daftari. La mwaka wa kwanza limeliwa na mchwa kurasa za mwanzo, lakini yaliyobaki yanasomeka. Nitamwona mkuu wa kituo Jumatatu, inshaallah.