Nusu eka ya majaruba, kiwanja cha kijijini au vyumba vya wanafunzi? Tulinganishe kwa anayehamia Banyumas

Mzawa wa Cheju

Assalam alaykum wana jukwaa. Mimi ni Mzanzibari, kazi yangu iko Maskati. Mke wangu ni Mjava, kwao ni kijiji cha tarafa ya Cilongok, wilaya ya Banyumas, Java ya Kati, kwenye miteremko ya mlima Slamet. Mkataba wangu unakaribia kwisha, nitapata kiinua mgongo, na tumeafikiana tukaishi kwao na watoto. Yaliyo mezani ni haya:

1. Nusu eka ya majaruba ya mpunga yenye maji ya mfereji, jirani na shamba la baba mkwe. Mwenyewe anataka rupia laki moja kwa kila mita ya mraba, yaani kama milioni 200, karibu dola 12,000.

2. Kiwanja ndani ya kijiji chenye minazi, migomba na bwawa dogo la samaki. Tujenge nyumba hapo, mpunga tulime kwenye shamba la kukodi.

3. Tusinunue kijijini kabisa. Tutafute kiwanja Purwokerto mjini, tujenge vyumba vya kupangisha wanafunzi.

Moyo wangu uko kwenye namba moja. Nimekulia bonde la Cheju, mpunga naujua, na Cilongok maji hayakatiki kama yanavyokatika kwetu. Lakini nataka watoto wale, wasome, na mama yao asirudi tena Uarabuni kutumikia nyumba za watu. Nipeni mawazo, nayasoma yote.

---

Afisa Ugani Moro

Mkuu, wa alaykum salaam. Acha moyo kidogo tupige hesabu.

Wastani wa mavuno ya mpunga Indonesia ni tani 5 na kitu kwa hekta. Nusu eka ni mita za mraba 2,000 hivi, kwa hiyo tegemea tani moja na ushee kwa msimu. Tangu Januari 2025 serikali yao kupitia shirika la Bulog inanunua mpunga mbichi kwa rupia 6,500 kwa kilo. Hapo unapata kama milioni 7 kwa msimu, kabla hujatoa mbegu, mbolea, trekta dogo na vibarua wa kupandikiza. Ukimpa mtu alime mgawane nusu kwa nusu, wao wanaita *maro*, mkononi inabaki milioni 3 na nusu. Misimu miwili ni milioni 7 kwa mwaka, juu ya mtaji wa milioni 200. Ni asilimia 3 na nusu, na gharama hatujazitoa vizuri. Hati fungani za serikali yao wanazouziwa raia hutoa karibu asilimia 6, na hakuna panya wala konokono wa kukulia.

Sikatai kilimo, ndiyo kazi yangu. Wajava kwa mpunga ni walimu. Kituo cha mafunzo cha Mkindo hapa Mvomero kilijengwa miaka ya 1990 kwa msaada wa wakulima wa Indonesia. Ila sehemu kubwa ya wakulima wa Java wana chini ya nusu hekta, na hakuna anayeishi kwa hiyo peke yake. Wanachanganya: mpunga, minazi, mbuzi, kibarua cha ujenzi, na fedha anazotuma mtoto aliye Jakarta au Hong Kong. Bei ya jaruba haipandi kwa sababu ya mpunga, inapanda kwa sababu kila anayetoka ng'ambo na akiba anataka kununua la jirani yake. Wewe ndiye huyo mnunuzi.

Kukodi kwa mwaka ni rahisi zaidi. Fedha ibaki mfukoni, ulime misimu miwili uone.

---

Mama Sidoarjo

Salaam kaka. Mimi Mkenya, mume wangu Mjava, tuko Java Mashariki. Kabla ya namba 1, 2 au 3 kuna swali hukuliuliza: hati itaandikwa jina la nani?

Sheria ya ardhi ya 1960 inasema hatimiliki kamili, *Hak Milik*, ni ya raia wa Indonesia tu. Wewe huwezi. Mkeo anaweza, lakini mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, kwa hiyo ardhi atakayonunua nusu yake itahesabiwa ya mgeni. Mthibitishaji wa mauziano ya ardhi, wanamwita PPAT, akiona mume ni mgeni anasimamisha karatasi palepale. Dawa ni mkataba wa ndoa wa kutenganisha mali, unaofanywa kwa notari na kusajiliwa. Zamani ilikuwa lazima uwe umefanywa kabla ya nikaha, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliruhusu wanandoa kuufanya hata baada. Sisi tulifanya hivyo. Kama mlifunga ndoa Oman, anzeni kwa kuisajili Indonesia. Sheria inatoa mwaka mmoja tangu mnaporudi.

Atakuja mtu wa kukwambia "andika jina la binamu, tutaandikiana pembeni." Kaka yangu, usikubali. Sheria ileile ya ardhi ya 1960, kifungu cha 26, inabatilisha mpango wa aina hiyo, na fedha uliyolipa huwezi kuidai.

Na haki ya matumizi anayopewa mgeni, *Hak Pakai*, kwako haina faida. Serikali imeweka bei ya chini ya nyumba anayoruhusiwa mgeni, na inahesabiwa kwa mabilioni ya rupia. Nyumba ya Cilongok haifiki huko.

---

Mzawa wa Cheju

Dada, Mungu akulipe. Hili la mkataba hakuna aliyewahi kuniambia. Na watoto? Wana pasipoti mbili.

---

Mama Sidoarjo

Kwa sheria ya uraia ya 2006 wanabaki na uraia wa nchi mbili hadi miaka 18, kisha wana muda hadi 21 wa kuchagua. Atakayeuacha wa Indonesia na amerithi ardhi ya *Hak Milik* anapewa mwaka mmoja aiachie. Zungumzeni nao mapema.

Jambo jingine ni aina ya karatasi. Muulize baba mkwe kama shamba la jirani lina cheti cha ofisi ya ardhi ya taifa, BPN, au ni *Letter C* tu. *Letter C* ni daftari la kijiji la walipa kodi, si hati. Mara nyingi jina lililomo ni la babu aliyekwisha kufa, na warithi wote lazima watie saini, hata yule aliyehamia Sumatra. Usitoe hata malipo ya kwanza kabla ya hapo. Kuna pia *tanah bengkok*, ardhi ya kijiji wanayopewa viongozi walime kama sehemu ya malipo yao. Hiyo haiuzwi, hata akuoneshe nani.

---

Binti Pangani

Mimi nilisoma Purwokerto kwa ufadhili wa serikali yao, nikapanga chumba Grendeng, mtaa wa chuo kikuu cha Jenderal Soedirman. Namba 3 inalipa chuo kikiwa wazi, ila wenye nyumba wengi walilia 2020 na 2021 wanafunzi walipobaki makwao kwa sababu ya korona. Na viwanja vya karibu na chuo vimekwisha kushikwa, utapata mbali.

Mimi ningechukua namba 2. Cilongok nimefika mara nyingi kwa rafiki yangu. Kule minazi ni sukari. Mgema anapanda asubuhi na jioni, tembo linachemshwa kwenye karai kubwa mpaka ligande, na sukari ya Banyumas inauzwa hadi Ulaya na Marekani. Wewe huna haja ya kupanda. Unampa mgema minazi, mnagawana mavuno. Lakini nakuomba umtendee haki. Wagema wa kule wanaanguka na kuvunjika migongo, na wengi wana deni kwa mchuuzi anayewanunulia sukari, hivyo bei anaipanga yeye. Mwenye minazi anayemlipia mgema wake bima atakuwa amefanya jambo kubwa kijijini.

Maisha yenyewe utayazoea haraka. Kuna kisomo kama kwetu: mtu akifa wanamsomea siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, hata ya elfu. Kuna zamu ya ulinzi wa usiku na kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji. Harusi hazishi, na kila harusi ni bahasha. Weka fungu la bahasha kwenye bajeti yako, sitanii. Anayekosa kwenda hakumbukwi siku yake.

---

Afisa Ugani Moro

Naongeza moja dhidi ya namba 1. Kuna kanuni ya 1961 inayomtaka mwenye shamba aishi tarafa ileile au ya jirani. Vijijini wengi hawaifuati, lakini kama mtanunua huku bado mko Maskati, msiwape watu mwanya. Tena majaruba mengi yamo kwenye ramani ya ardhi ya chakula inayolindwa na sheria ya 2009. Ukidhani siku moja utajenga juu yake, futa.

---

Pemba Mtambwe

Nami niseme langu. Kwa nini usinunue karafuu Pemba? Wajava wenyewe wanazitia kwenye sigara zao, soko lipo.

---

Mzawa wa Cheju

Kaka, wazo zuri, lakini watoto na mama yao watakuwa Cilongok. Sitaki tena familia ya kuonana kwenye simu.

Nimeongea na mke wangu usiku huu. Tunaanza na usajili wa ndoa na mkataba wa mali. Kiwanja chenye minazi ni cha shangazi yake na kina cheti, kwa hiyo namba 2 imetangulia. Majaruba tutakodi. Kodi ya mwaka kule hulipwa kabla ya kupanda au baada ya mavuno?

---

Binti Pangani

Kabla, na kwa fedha taslimu. Mwiteni mkuu wa kitongoji awe shahidi, muandikiane misimu mingapi, maana wengine huhesabu mwaka kwa misimu miwili na wengine mitatu.