Helmeti ya baiskeli isiyozidi elfu 60, nichukue ipi?

Mtoto_wa_Sinza
Wakuu habari zenu. Nimepata baiskeli ya mtumba ya Japani, ile ya kikapu mbele, naenda nayo kazini toka Sinza mpaka Mikocheni na Jumamosi nafika kwa mama Mwananyamala. Wiki iliyopita bajaji ilinikwaruza pale mataa ya Bamaga, sikuanguka ila tangu siku hiyo nikipita pale moyo unaenda mbio, nikasema sasa natafuta helmeti. Nimezunguka Kariakoo nimeona za elfu 25, nyepesi mno, nimeona za elfu 55, na muuzaji mmoja kaniambia nichukue tu ya bodaboda ndo imara. Mume wangu nae anasema kofia yake ya site inatosha. Alafu nasuka rasta, kila nikijaribisha inakaa juu juu. Naombeni ushauri kwa anayejua kweli.

fundi_spoku
Dada hongera kwa kuliwaza hili mapema. Kofia ya site hapana kabisa, ile imetengenezwa kwa kitu kinachokudondokea toka juu, wewe ukianguka na baiskeli unapiga paji, pembeni au kisogo, na nyingi hazina hata mkanda wa kidevuni kwaiyo inaruka kabla hujafika chini. Ya bodaboda kwa ulinzi iko sawa ila ni nzito na inapika kichwa, kwa joto la Dar la mwezi wa pili utaivaa siku tatu uiache nyumbani, na ya nyumbani haimlindi mtu.

Kwenye hizo ulizoona geuza uangalie ndani. Lazima kuwe na lile povu gumu jeupe au jeusi, la aina ile wanayofungia TV mpya, limejaa mpaka pembeni. Hilo ndo linalobonyea na kumeza kishindo badala ya fuvu lako. Ukikuta plastiki na sponji laini tu rudisha, sponji ni ya kukaa vizuri kichwani haizuii kitu. Kisha tafuta stika imeandikwa EN 1078, hicho ni kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, au CPSC, hao ni wakala wa usalama wa bidhaa wa Marekani. Herufi CE peke yake usiridhike nazo maana zinawekwa kwenye vitu vingi, hata midoli ya watoto. Na kwakuwa stika mtu anaweza kuchapisha, funga klipu uvute mikanda kwa nguvu zako zote hapo hapo dukani, ikiachia umeshajua.

Tairi_Mbili
Mi nilichukua ya mtumba Karume elfu 10, ina alama ya usalama ya SG ya Kijapani, mwaka wa tatu huu sijaona tatizo. Kwanini atoe 55?

fundi_spoku
Mkuu SG ni alama ya kweli, siipingi. Shida ya mtumba ni kwamba lile povu likishabonyea mara moja halirudi, na ufa unaweza kuwa chini ya ganda usiuone. Hujui aliyeivaa kabla yako alianguka au la. Angalia ndani huwa kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa, CPSC wenyewe wanashauri kubadilisha kati ya miaka 5 na 10, na kama ishapigwa ni siku hiyo hiyo. Kwa baiskeli nanunua mtumba, kwa helmeti nangoja nipate hela ya mpya.

Ngong_Road_Rider
Niko Nairobi. Mwaka jana niliingia kwa shimo nikiwa kwa mteremko, helmeti yangu ya shilingi 2,500 ikapasuka juu ya sikio la kushoto, bega likaumia wiki sita lakini kichwa hakikuwa hata na mkwaruzo. Haikuwa na MIPS, ile safu ya ndani inayoteleza kidogo kupunguza kichwa kuzungushwa ukigonga. Ni kitu kizuri ukiweza, lakini kwa bajeti yako usisumbuke, tafuta inayokutosha.

Na kutosha ni hivi. Ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, wengi huku wanaivaa imerudi nyuma na paji lote liko wazi. Mikanda ikutane chini ya sikio, kidevuni kipite kidole kimoja. Kwa rasta chukua futi kamba ya fundi nguo upime kichwa kikiwa kimesukwa, zifunge chini kisogoni usizirundike juu, na utafute yenye kile kirungu cha kuzungusha nyuma ndio uikaze tena ukifumua.

Mtoto_wa_Sinza
Asanteni sana jamani, nimepima, bila rasta sentimita 56 na nikiwa nimesuka 59, nimepata ya 55 hadi 61 kwa elfu 52, EN 1078 imo na mikanda nimeivuta mbele ya muuzaji mpaka akashangaa. Leo nimepita Bamaga nikiwa nimetulia. Swali la mwisho, jasho linanuka, naosha na nini?

fundi_spoku
Toa vile vipedi ufue kwa mkono, ganda pangusa na maji na sabuni ya kawaida, kausha kivulini. Petroli au thinna usiguse, inakula povu.