Tupeane uzoefu: mchumba wako alijuaje kuwa unadaiwa?

Kidawa wa Buza: Jana nimesoma riwaya ya mapenzi mpaka saa saba usiku. Binti anadaiwa kodi, anadaiwa dukani, anamficha jamaa, halafu mwishoni jamaa kumbe ana hela, analipa zote, ndoa. Nikasema huyu mwandishi hajawahi kuandikisha friji kuwa dhamana. Wenye uzoefu njooni. Ulimwambia mwenyewe au alisikia kwa watu?

Shiro wa Githurai: Mimi nilichongewa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa ikiingia. Jamaa alinitumia elfu mbili ninunue nyama, ana wageni. Pesa iliingia ikaenda hapo hapo, nikabaki na meseji. Wageni walikula sukuma.

Mzaramo Mstaarabu: Huku ni Songesha, dada. Nikitumiwa hela nasema "tuma kwa namba ya jirani". Akaanza kuniuliza huyo jirani ni nani.

Mwalimu wa Zamu: Mimi langu ni Bodi ya Mikopo, ile ya wanafunzi wa elimu ya juu. Tulikuwa tunapanga maisha, akaomba tuonyeshane salari slipu. Akakuta 15% imeondoka kabla sijainusa, na juu yake mkopo wa benki uliomjengea mama nyumba Tukuyu. Akanyamaza. Kesho yake akaleta ya kwake: naye Bodi, naye benki, na saccos juu. Tukaoana hivyo hivyo, makato kwa makato.

Katibu Mstaafu: Wadada mnakopa ili mvae, halafu mnatafuta wa kuwaoa awalipie. Mikopo ya halmashauri ipo, 4% ya mapato ya ndani ni ya wanawake, haina riba. Kausha damu, hiyo mikopo ya mtaani ya riba kubwa, mnaifuata ya nini?

Kidawa wa Buza: Mama ntilie anayekopa laki mbili anunue mchele kavaa nini, mzee wangu?

Mwalimu wa Zamu: Hiyo ya halmashauri ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Na lazima muwe kikundi, muandike andiko, msubiri. Mtoto akizidiwa usiku utamgongea afisa maendeleo ya jamii?

Binti Shangazi: Mmenitonesha. Nilikuwa nauza vitenge Tandika. Mzigo ukakwama, nikachukua kausha damu, rejesho kila Jumatatu. Dhamana: TV, friji na makochi. Makochi ni ya shangazi, nakaa kwake, na hajui lolote. Wiki ya kuletewa barua ya posa nilikuwa nimeshapitisha marejesho bila kulipa. Nikajipa moyo, Jumamosi hawatembei. Kumbe wanatembea!

Mshenga na wenzake wameshakaa, barua iko kwenye sinia, wanaingia vijana wawili wamechomekea, mmoja ana daftari. Miguu ikaniisha nguvu. Shangazi akadhani ni wa upande wa mwanaume waliochelewa. Akawakaribisha, akawaketisha kwenye makochi yale yale waliyoyafuata. Upande wa mwanaume nao wakadhani ni kaka zangu. Wakaletewa pilau. Jamani, walikula! Mmoja akaomba na ndizi.

Mshenga akamaliza maneno yake, akasema, "Kama upande wa binti kuna la kusema, tunasikiliza." Yule wa daftari akafuta mdomo: "Sisi tuna neno dogo."

Shiro wa Githurai: Wacha!

Fundi Makochi: Dada usituache hapo. Nina mteja kaninunia namwambia subiri.

Katibu Mstaafu: Hii ya kutunga.

Kimya Kingi: Ya kutunga wapi. Mimi mama mkwe alipata meseji kabla yangu, "mwambie fulani alipe deni". Nilikopa kwenye simu, wakachota namba zote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni, ndiyo nikapumua kidogo. Ushauri wangu: mwambie yote kabla ya barua.

Mzaramo Mstaarabu: Usitaje yote, atakimbia. Taja nusu.

Fundi Makochi: Mkope yeye kwanza. Hatakuacha mpaka umlipe.

Mama Wawili: Nusu ndiyo iliyonivunjia uchumba mimi. Binti Shangazi yuko wapi?

Binti Shangazi: Nilikuwa na mteja. Basi, akasoma jina langu na kiasi mbele ya watu wote. Mshenga akauliza, "Riba yenu kwa mwezi ni asilimia ngapi?" Wakatupiana macho. Mzee akawaambia Benki Kuu imeweka mwisho 3.5%, leseni iko wapi? Kumbe alikuwa mhasibu wa ushirika. Wakaanza kujiumauma, itakuwa ofisini. Lakini shangazi alikuwa ameshasikia neno makochi. Akaichana bahasha ya kishika uchumba, akahesabu marejesho yaliyopita, akawasainisha kwenye daftari lao, akawatoa nje.

Katibu Mstaafu: Si nilisema? Mwanaume kalipa.

Kidawa wa Buza: Kishika uchumba kikishapokelewa ni cha upande wa binti. Kalipa shangazi.

Katibu Mstaafu: Imetoka mfukoni mwa nani?

Mwalimu wa Zamu: Mzee, na mshahara wako ulikuwa wa serikali, tuseme serikali ndiyo iliyomuoa mkeo?

Shiro wa Githurai: Waacheni hao. Harusi ilifanyika?

Binti Shangazi: Ilifanyika, na deni tulilimalizia wawili. Ila makochi shangazi kayahamishia chumbani kwake, wageni wanakaa kwenye mkeka.