Tupeane uzoefu: mbunge wako wa steti umewahi kumwona nje ya msimu wa kura?

mamaIlham (Lowell, Massachusetts)

Wapendwa habari za jioni. Kila siku humu ni makaratasi, kodi ya nyumba na bei za tiketi, leo naomba tubadilishe. Hawa wabunge wa steti, siyo wale wa Washington jamani, hawa wa hapa hapa ambao sisi wa kwetu wanakaa Boston, nani amewahi kuwa na shughuli nao ya maana? Nauliza hivyo kwa sababu Ramadhani alikuja mmoja kwenye futari yetu, kapiga picha na watoto, kasema anaipenda sana jamii yetu, kaaga kabla hata tende hazijapitishwa. Watu wakanuna. Mimi sikununa kwa sababu nina kisa kingine na mtu mwingine.

Mwaka juzi tulikuwa na shida ya kivuko cha miguu karibu na kituo cha basi, watoto wanavuka kama kuku. Tumeenda City Hall tumechoka, kumbe ile barabara ni ya steti siyo ya mji, pale City Hall tulikuwa tunapiga kelele mlango siyo. Dada mmoja wa Kikenya akaniambia mbunge huwa anakaa maktaba asubuhi kusikiliza watu, huhitaji miadi. Nimefika nakuta meza, msaidizi na laptop, mbunge mwenyewe na kikombe cha kahawa, na watu wawili tu kwenye foleni. Wawili! Mji mzima huu. Nikamwonyesha video kwenye simu, msaidizi akaandika jina la barabara, akaniuliza saa ngapi magari yanakuwa mengi. Haikuwa haraka, ilichukua miezi, lakini taa za kumulika zimewekwa na mistari imepakwa rangi upya. Na nikajifunza jambo ambalo wengi hatulijui, kwamba Massachusetts mwananchi wa kawaida anaweza kumwomba mbunge wake awasilishe muswada kwa niaba yake, hata kama mbunge mwenyewe haukubali. Kupita ni habari nyingine, iko mingi inafia kwenye kamati.

Haya leteni visa vyenu.

Nyaboke_MN

Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota, hapa Wakenya tuko wengi hadi unaweza maliza wiki bila Kizungu. Ni hizi sides tu Huldah Momanyi Hiltsley alishinda 2024 akaingia House ya steti, mzaliwa wa Kenya, na huo uchaguzi vyama viwili vikatoka sare kwa House, 67 kwa 67, so hakuna kiti ilikuwa ndogo.

Lakini mimi nataka kuongea kuhusu kokasi, ile mkutano ya chama ya watu wa mtaa, kwa sababu hapo ndio kila kitu huanzia na watu wetu huwa hawaendi. Ni jioni moja mapema kwa ule mwaka wa uchaguzi, vyama vikubwa vyote siku moja, saa moja usiku, mara nyingi ni kwa shule. Mtaa yenu mnapewa class yenu. Yetu ilikuwa ya watoto wadogo, hivyo viti vya plastiki, magoti yanafika kidevuni, na ukutani kuna ABC. Nilidhani nitapata umati. Hatukufika watu kumi. Mzee mmoja mzungu akasoma sheria, tukajiandikisha kwa karatasi, kisha akauliza nani anataka kuwa mjumbe wa kwenda mkutano wa chama wa senate district, yaani eneo la seneta wa steti. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko sisi tulio kwa room!! Nikainua mkono, imeisha, nikawa mjumbe, hakuna kampeni hakuna nini.

Sasa skizeni venye maisha ilibadilika. Kwa DFL, hao ndio Democrats wa hapa Minnesota, mtu akitaka chama kimuidhinishe lazima apate asilimia 60 ya wajumbe. Wajumbe ndio sisi. Wiki iliyofuata nikaanza kupigiwa simu na wagombea wenyewe, sio msaidizi, wenyewe, ati "Hello, ungependa nifanye nini kuhusu mishahara ya wahudumu wa group home?" Nikiwa kwa zamu! Mimi ambaye nilikuwa napiga simu kwa ofisi yao najibiwa na mashine.

Na kama unafanya zamu ya usiku usiseme huwezi. Sheria ya Minnesota inasema ukimwandikia mwajiri siku kumi kabla, lazima akuachilie uende kokasi, anaweza tu kukata hayo masaa haukuwa. Boss wangu hakuwa ameskia hiyo, nikamprintia nikaweka kwa meza yake.

Mtoto_wa_Uvira (Lewiston, Maine)

Bandugu mimi niko Maine. Kule kwetu Uvira député tunamuonaka wakati wa kampanye tu, anakuyaka na magari, T-shirt, chumvi, anatupa franga, anapotea miaka tano. Basi nikiisha kupata uraia wa huku nikajiandikisha kupiga kura, haikupita muda mrefu mama mmoja anagonga ku mlango yangu, anasema anatafuta kiti cha bunge ya steti, anaomba dola tano. Nikasema eeeh, huyu ni mwizi. Mgombea anaomba MIMI makuta? Bibi yangu ndani anacheka mpaka analia.

Kumbe ni sheria yao. Maine wako na mpango, mgombea asiyetaka pesa za matajiri anakusanya dola tano tano kwa wapiga kura wa eneo lake, kwa House anatakiwa batu 60, halafu steti inamupa pesa ya kampanye. Ile dola tano haiendi mu mfuko yake, inaenda mu mfuko ya steti. Anajaza fomu, wewe unasaini. Batu 60 ni kidogo sana, chorale yetu ya kanisa peke yake inapita pale.

Bunge yao iko na viti 151 mu House, na steti yenyewe ni kadogo, kwa hiyo mbunge mmoja iko na batu kama elfu tisa tu. Nakutana naye ku duka ananunua maziwa. Hapa kwetu Lewiston alichaguliwa Mana Abdi mu 2022, na South Portland Deqa Dhalac, wote ni wa asili ya Somalia, kwa hiyo mlango iko wazi. Na mu Augusta, kule bunge ya steti inakaa, karibu kila muswada unapewa siku ya batu kusema. Nilienda kusema juu ya msaada wa kodi ya nyumba, wanakupa kama dakika tatu, nilikuwa natetemeka, Kiingereza yangu ni ile ya Duolingo, wakanisikiliza mpaka mwisho na mmoja akauliza swali. Sijui kama ilisaidia. Ila waliandika.

Mnyamwezi_DFW

Huku Texas ni dunia nyingine kabisa, msitudanganye na vibunge vyenu vya watu elfu tisa. Mbunge mmoja wa House hapa ana watu karibu laki mbili, viti ni 150, na bunge linakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, mwaka wa namba witiri, basi. Mshahara dola 600 kwa mwezi, kwa hiyo wengi ni mawakili, wenye biashara, wastaafu. Kumwona mwenyewe sahau. Unachokutana nacho ni ofisi, na nawaambia ofisi ndiyo kila kitu.

Mke wangu alikuwa anasubiri leseni ya uuguzi, vyeti vya Muhimbili vimefika, kila kitu kimefika, ofisi inayohusika inamwambia subiri. Kazi imeshapatikana, mwajiri anaanza kukunja uso. Jamaa kazini, mtu wa Republican kindakindaki, akaniambia piga ofisi ya mbunge wako. Nikamwambia mimi simkubali yule. Akasema nani kakuuliza kama unamkubali, una zip code yake. Nikapiga, dada akapokea, hakuniuliza chama, akachukua namba ya faili. Haikupita wiki tukaandikiwa kwamba kuna karatasi moja ilikuwa imewekwa kwenye faili la mtu mwingine.

Halafu upande wa chama. Kila mtaa wa kupigia kura una nafasi ya precinct chair, kwa lugha ya nyumbani mwiteni balozi wa nyumba kumi, hana mshahara, hana gari, kazi yake ni kuwajua majirani na kuwakumbusha siku ya kura. Nafasi hizi nyingi hapa ziko WAZI, hazina mtu, vyama vyote viwili. Nilienda mkutano wa chama wa kaunti mara moja kusindikiza rafiki, nikatoka nimeshapewa fomu. Sijaijaza, wife kasema nikiijaza nihamie huko huko.

kijana_wa_Concord

New Hampshire hapa. Wabunge 400, mshahara dola mia moja kwa MWAKA, hawana msaidizi hawana ofisi, unampiga simu nyumbani anapokea mwenyewe huku mbwa anabweka. 2018 mkimbizi kutoka Afghanistan, Safiya Wazir, alishinda kiti hapa Concord. Ni hayo tu naingia kazini.

Shemeji_Mpole

Naomba niwe mbaya kidogo. Hizi ni hadithi nzuri lakini wengi wetu hapa watatuona kuanzia mwezi wa tisa, kanisani, kwenye mazishi, kwenye harambee ya msiba, wanavaa kitenge, wanasema "asante sana" vibaya, Novemba ikipita kimya. Miaka yote niliyokaa kwenye apartment yangu hakuna mgombea hata mmoja aliyewahi kugonga mlango wangu. Hata mmoja. Nyumba za wazungu ng'ambo ya barabara naona wanagongewa kila wikiendi, mabango yamejaa uwani. Nielezeni hiyo.

Otieno_Stpaul

@Shemeji_Mpole nikueleze kwa sababu nimefanya hiyo kazi ya kugonga milango, volunteer. Hatugongi nyumba zote. Unapewa orodha kwa simu, na orodha inatoka kwa daftari ya wapiga kura. Simu inakuambia namba 12, ruka 14, ruka 16, enda 18. Hizo umeruka ni watu hawajajiandikisha, ama walihama na hawakubadilisha anwani. Mgombea ako na wikiendi chache na viatu moja, anaenda kwa wale wamepiga kura zamani. Apartment za watu wetu unakuta jengo lote kuna majina matatu, na mawili ni ya watu walihama zamani. Nimesimama nje ya jengo naskia harufu ya pilau hadi chini na simu inaniambia hakuna mtu hapa.

Kitu ya pili ni mlango wa chini kufungwa. Hapa Minnesota sheria inasema mwenye apartment hawezi mnyima mgombea kuingia akiwa anafanya kampeni kwa eneo lake, anaweza weka masharti tu, kama saa na wangapi waingie. Mameneja wengi hawaijui, ama wanajifanya. Texas sijui.

Na lazima niseme hii pia. Tangu Juni 14, 2025, vile mbunge wa steti Melissa Hortman na bwana yake waliuawa kwa nyumba yao hapa Brooklyn Park na mtu alikuja amevaa kama polisi, kugonga milango si ile ya zamani. Watu wanaangalia kwa kamera kwanza. Sisi wenyewe tunaenda wawili wawili, mapema, jua likiwa bado, na nikifika nasimama mbali na mlango.

mamaIlham

Allah awarehemu. Ile habari ilinitisha sana.

Kabla hatujaendelea, naomba wenye grinikadi na wanaosubiri asylum mnisome vizuri. Kusaidia kampeni bila malipo, kugonga milango, kutafsiri, kupika sambusa za mkutano, hiyo hamna shida. Kuchangia pesa, mwenye grinikadi anaruhusiwa, ambaye hana asichangie hata dola. Lakini KUJIANDIKISHA KUPIGA KURA kama si raia ni hatari, inaweza kukufukuzisha nchini. Nimeona mtu kaenda kuchukua leseni ya gari, kapewa skrini, kabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo bila kusoma, miaka baadaye kwenye interview ya uraia anaulizwa. Kijana mdogo, mtu mzuri. Soma kila swali, kama Kiingereza kinakupita mwambie akusomee.

Nyaboke_MN

Ukweli kabisa. Na kwa kokasi pia usisaini karatasi ya kiingilio bila kusoma masharti yenye iko juu.

Bahati_Louisville

Mimi naulizaka tu. Kesi ya asylum ya dada yangu inakaa miaka, hakuna interview. Ule mbunge wa steti anaweza kusukuma?

Mnyamwezi_DFW

Hapana kaka. Uhamiaji ni wa serikali kuu, mbunge wa steti hana meno hapo. Mtafute mbunge wako wa Congress au seneta wa Washington, kila mmoja ana wafanyakazi wa kufuatilia faili za uhamiaji. Watakupa fomu ya ruhusa dada yako asaini mwenyewe, bila hiyo hawaruhusiwi hata kuuliza. Hawaamui kesi ila wakiuliza, USCIS, yaani ofisi ya uhamiaji, hujibu. Wa steti mpelekee leseni za kazi, pesa za kukosa kazi, bima ya Medicaid, barabara za steti, mambo ya DMV, ile ofisi ya leseni za gari.

Shemeji_Mpole

@Otieno_Stpaul nimekuelewa, nimeangalia, kweli jina langu bado liko kwenye anwani ya zamani. Lakini hiyo hesabu ni kuku na yai. Hawaji kwa sababu hatupigi kura, hatupigi kura kwa sababu hawaji. Nani mwenye mshahara wa kuvunja hiyo, mimi au wao?

Mtoto_wa_Uvira

Wao. Lakini wao hawatafanya.

Bahati_Louisville

Asante @Mnyamwezi_DFW, kesho napiga kwa Congress. Na kwa Kentucky nitapata namna gani huyu wa steti, kuna mtu anajua? Niko na shida ya leseni ya saluni.

Mnyamwezi_DFW

Kentucky bunge linaanza Januari, mwaka wa namba shufwa linakaa siku 60, witiri siku 30, kwa hiyo ukichelewa wameshatawanyika. Wana laini ya simu ya bure, mtu anapokea, unasema anwani yako wanakutajia nani mbunge wako na wanamwandikia ujumbe wako. Sema namba ya leseni na tarehe uliyoomba, usisimulie historia yote. Na kama Kiingereza ni shida, mwambie anayepokea simu akusubirie.