Kansa ya mlango wa kizazi iliporudi mahali tusipopategemea: tupeane uzoefu

Wana Lubumbashi, nianze na ya mama yangu. Alifanyiwa operesheni, akaenda Lusaka kumalizia mionzi, tukampokea kwa bukari (ugali) na samaki tukijua yamekwisha. Mwaka na nusu baadaye akaota kivimbe kwenye lile kovu, chini ya kitovu. Kigumu kama kokwa ya embe changa, wala hakiumi. Shangazi akakipaka dawa ya jipu wiki tatu nzima! Walipokata kipande kidogo cha nyama na kukipima, kumbe ni kansa ile ile. Skana haikuonyesha pengine popote, basi wakakitoa chote na nyama ya pembeni, kisha shimio, yaani dawa kali za kuua kansa. Kwenu ilirudi wapi?

Mdogo wa Yaya
Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, kwake ilirudi shingoni, tezi juu ya mtulinga wa kushoto. Kila mtu mtaani alisema kifua kikuu, hata mimi. Sindano ya kufyonza ndiyo iliyotutoa gizani. Akapewa cisplatin, mojawapo ya dawa za shimio. Kabla ya dawa yenyewe ni maji ya dripu, chupa juu ya chupa, maana inaumiza figo, na kila mara damu inapimwa kwanza. Mimi kazi yangu ilikuwa beseni la kutapikia.

Baba Watatu, Katuba
Mke wangu uti wa mgongo. Tulivuka mpaka wa Kasumbalesa katikati ya malori, kila shimo analia. Kufika, mionzi siku moja tu, grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), rudini nyumbani. Nikajua wametufukuza kwa sababu ya pesa, nikagomba. Kumbe kwa maumivu ya mfupa dozi moja mara nyingi inatosha. Wiki ya tatu alisonga bukari mwenyewe.

Muuguzi mstaafu
Mara nyingi inarudi nyonga, mapafu, ini au mifupa, tena ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza. Kovu na ngozi ni nadra, ndiyo maana hata sisi wenye koti jeupe tunapitwa.

Binti wa Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi!)
Mama yangu ngozi ya kichwa. Msusi ndiye aliyeona, akaacha kusuka akaniita. Alipata mionzi kidogo, uvimbe ukanywea, lakini mapafu yalikuwa yameshaingiliwa. Hatukumaliza mwaka naye.

Mwanzisha mada
Pole sana, dada. Nimemsomea mama hiyo ya msusi, akafungua kitambaa palepale nimtazame kwa taa ya simu. Mvi tu.