Mifereji ya Doho na sura ya bonde la mto Manafwa

Swali

Ndugu wanajukwaa, kila nipitapo Butaleja, mashariki mwa Uganda, naona majaruba ya mpunga yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, ilhali wazee wa huko husimulia kwamba sehemu kubwa ya bonde ilikuwa kinamasi cha mafunjo. Naomba kueleweshwa: mradi wa Doho wa kumwagilia mpunga ulibadilishaje ardhi ile, na kwa nini mto Manafwa ungali unafurika?

Jibu la kwanza

Serikali iliujenga mradi huo kati ya miaka ya 1970 na 1980. Maji huchepushwa kutoka Manafwa, yakaingia mfereji mkuu na kisha mifereji midogo, yakifuata mteremko wa ardhi hadi kwenye mashamba ya takriban hekta 1,000. Kwa kuwa mpunga huhitaji maji yanayotuama kwa kina kimoja, ilibidi ardhi isawazishwe na kukatwa kwa matuta. Mistari unayoiona, ndugu yangu, imefuata njia za maji.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila jibu la mafuriko liko juu zaidi ya Butaleja. Manafwa huanzia Mlima Elgon na kupitia wilaya ya Bududa, ambako watu ni wengi, miteremko mikali imelimwa, na maporomoko kama lile la Nametsi la Machi 2010 yameua watu wengi. Udongo unaong'olewa huko husombwa na mto, na mto ukifika tambarare hupoteza kasi na kuutua. Kitako chake huinuka, mifereji huziba, na mvua kubwa zikinyesha maji huvuka kingo. Zamani mafunjo yaliyapunguza maji kasi na kunasa tope kabla halijafika mto Mpologoma, ambamo Manafwa humwaga maji yake. Kwa maoni yangu, kuzibua mifereji kila msimu bila kupanda miti na kuchimba makingamaji kule mlimani ni kazi isiyokwisha, na inasikitisha kwamba mzigo huo humwangukia mkulima wa chini peke yake.

Jibu la tatu

Niongeze kwamba wakulima walioona faida ya Doho walifungua mashamba yao wenyewe vinamasini, nje ya mradi, pasipo mfereji wa kutolea maji wala mlango wa kuyazuia. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inaitaka serikali kuu au ya wilaya kuvitunza vinamasi kwa amana ya wananchi. Hivyo kamati ya maji ya Butaleja inayo haki ya kudai kuketi meza moja na viongozi wa Bududa, kwani mto ni mmoja.